Ziara ya Mkunazini: Kwa Nini Mmoja Hulia na Mwingine Hucheka?



Katika makala hii nimekusudia kueleza jambo ambalo wanafunzi huniuliza kila turudipo kutoka ziara ya Unguja. Kwa kawaida huniuliza kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, wenzao wakishatawanyika. Mmoja huuliza, "Ustadhi, mbona mimi sikulia?" Mwingine hutaka kujua kwa nini alishikwa na kicheko mahali ambapo binadamu waliuzwa kama mbuzi. Na hakosi wa tatu, ambaye hasemi kitu mpaka umuulize wewe, aliyerudi na kinyongo juu ya mwenzake anayekaa naye jamvi moja. Wote watatu walipanda boti moja na kusimama mbele ya shimo lile lile.

Kwanza tupajue mahali penyewe. Mkunazini ni mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sultani Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, alikubali mkataba wa kulifunga soko hilo na kuzuia watumwa wasisafirishwe kwa bahari. Mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa kuu papo hapo. Uani kuna shimo la mraba, na ndani yake zimesimama sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni. Zilitengenezwa mwaka 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Karibu yake kuna vyumba vya chini kwa chini, dari zake fupi, ambamo mtu mzima hawezi kusimama wima. Pia kuna maonyesho ya picha na maelezo yaliyofunguliwa mwaka 2016. (Wale ambao kila mwaka huuliza hukumu ya kuingia kanisani, hilo ni somo la fiqhi na mwalimu wake mnamjua. Shimo liko uani.)

Mwanafunzi asidhani kwamba utumwa wenyewe uliisha siku ile ya Juni 1873. Kilichofungwa ni soko na njia ya bahari. Watu waliendelea kufanyishwa kazi katika mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na bara Tanganyika ikafutwa mwaka 1922. Ukienda Mangapwani, kaskazini mwa mji, utaona handaki lililochongwa ndani ya jiwe la matumbawe. Watumwa walifichwa humo baada ya biashara kupigwa marufuku. Ina maana wapo wazee waliozungumza na babu zenu ambao wao wenyewe waliwahi kuwa milki ya mtu. Ndiyo maana ziara hii hugusa mahali ambapo somo la darasani halifiki.

Kicheko na ganzi

Sasa tuje kwenye moyo. Wataalamu wa elimu ya nafsi wanaeleza kwamba ubongo wa binadamu haukomai wote kwa pamoja. Sehemu inayohusika na hofu, huzuni na hasira hufanya kazi kwa nguvu mapema, tangu balehe. Sehemu inayopima mambo na kuzuia pupa huendelea kukua mpaka mtu afikie miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 akisimama mbele ya mnyororo, maumivu humwingia kwa ukamilifu wake, lakini breki zake bado hazijakaza sawasawa. Ni kama dereva mpya aliyepewa gari lenye injini kubwa.

Juu ya hilo, kijana huona kwamba watu wote wanamtazama yeye. Mwanachuoni wa Marekani, David Elkind, aliliandikia jambo hili mwaka 1967: kijana hutembea na hadhira ndani ya kichwa chake, akidhani kila alifanyalo linaonwa na kuhukumiwa. Fikiria basi yuko katika chumba chenye giza pamoja na wenzake thelathini, koo limemkaba, machozi yako karibu, na anaogopa kuonekana analia. Kitu lazima kitoke. Kikizuiwa kutoka kama kilio, hutoka kama kicheko. Hili si geni kwetu. Kila mtu mzima wa pwani amewahi kuona msiba ambamo mtu mmoja, tena mara nyingine mfiwa mwenyewe, anashikwa na kicheko asichoweza kukizuia, na wazee wanamtoa nje taratibu bila kumkemea kwa sababu wanajua ni nini.

Kipo kicheko kingine, na huo ni utovu wa adabu. Yule anayetaka kuingia shimoni aweke shingo yake karibu na shingo ya sanamu ili apigwe picha ya simu, huyo hakuzidiwa na huzuni. Huyo aambiwe ashuke, na aambiwe pale pale. Tofauti kati ya vicheko viwili hivi unaijua usoni: wa kwanza macho yake yanaomba msaada, wa pili macho yake yanatafuta kamera.

Wanaojilaumu zaidi ni wale ambao hawakuhisi chochote. Walitazama, wakasikiliza maelezo, wakawaza chakula cha mchana, na baadaye wakajiona wana moyo wa jiwe. Ndugu yangu, unajua mguu uliokaliwa kwa saa nzima chuoni? Ukiinuka, unakanyaga lakini huhisi sakafu. Mguu haujafa, umeingia ganzi. Nafsi nayo ina ganzi yake. Inapoletewa jambo kubwa kuliko uwezo wake, hujifunga kwa muda ili isivunjike. Na kama ilivyo kwa mguu, uchungu huja baadaye, wakati ganzi inapotoka. Wapo wanaolia siku ya tatu, nyumbani, wakiwa wanaosha vyombo, na wala hawajui wanalia nini.

Sababu nyingine ya ganzi ni hesabu. Ukiambiwa maelfu ya watu walipita hapa, akili inaelewa lakini moyo hauna pa kushika. Mtafiti Paul Slovic wa Marekani ameonyesha katika kazi zake kwamba huruma ya mtu haikui kadiri idadi inavyokua, bali hufifia. Mmoja anatuliza, elfu wanatuchosha.

Waliojenga makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Watutsi huko Gisozi, Kigali, walilielewa hili. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya siku mia moja ya mwaka 1994, na pale pamezikwa zaidi ya watu 250,000. Hakuna kijana anayeweza kuikamata idadi hiyo moyoni. Lakini kuna chumba cha watoto. Ukutani kuna picha kubwa za watoto, mmoja mmoja, na chini ya kila picha maelezo machache: umri wake, chakula alichokipenda, mchezo wake, kisha namna alivyouawa. Kijana aliyezipita takwimu zote akiwa mkavu, humo ndimo magoti yanapomlegea, kwa sababu ameona chakula anachokipenda yeye. Ukienda Murambi, kusini mwa Rwanda, mahali palipokuwa shule ya ufundi na ambapo makumi ya maelfu waliuawa, utakuta miili iliyohifadhiwa kwa chokaa ikiwa imelazwa wazi. Kwa maoni yangu pale si mahali pa kumpeleka mwanafunzi wa umri wenu. Gisozi inafundisha kwa kumrudishia maiti uhai wake. Murambi inamwonyesha maiti tu, na mtu mzima anaweza kuupokea ukweli huo, lakini kijana wa miaka 14 huondoka na picha ambayo hana pa kuiweka. Makumbusho ya Auschwitz nchini Poland, mahali ambapo watu wapatao 1,100,000 waliuawa katika Vita Kuu ya Pili, hushauri kwamba watoto walio chini ya miaka 14 wasipelekwe kabisa.

Baadhi yenu mtasema, ustadhi, mbona Mtume (S.A.W.) alipopita Al-Hijr aliwataka masahaba walie? Ni kweli. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, jeshi lilipita kwenye makazi ya Thamud. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume aliwakataza masahaba kuingia humo isipokuwa wawe katika hali ya kulia, kisha mwenyewe akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo. Tunapata humo adabu kubwa: mahali kama pale si pa kutalii, kula karanga na kupiga soga. Lakini angalieni tofauti. Al-Hijr ni makazi ya watu walioangamizwa kwa dhuluma yao wenyewe, na wapitao waliogopeshwa yasije yakawafika yaliyowafika wale. Mkunazini tunakwenda kuwakumbuka waliodhulumiwa. Kuichukua hadithi ile na kumpimia mwenzako machozi, ukasema huyu ana imani na huyu hana, ni kuipeleka mahali isipokwenda.

Aibu ya wengine na hasira ya wengine

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii.

Muongozaji anapoeleza nani aliuza na nani alinunua, darasa letu hugawanyika kimya kimya. Wapo kati yenu ambao majina yao ni ya Kiarabu na babu zao walitoka Omani au Hadhramaut. Wanasikia jina la Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, tajiri mkubwa wa pembe na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, na wanatazama chini. Wapo ambao wazee wao ni Wayao, Wanyasa au Wamanyema, na wanahisi kwamba sanamu zile tano ni za nyumbani kwao. Na Waislamu wote kwa jumla huona kama kwamba wanashtakiwa, hasa kwa kuwa maelezo yanatolewa kwenye uwanja wa kanisa.

Aibu ina tabia moja mbaya. Majuto husema "nilifanya kosa", na mtu akijuta hutengeneza. Aibu husema "mimi ni kosa", na mtu akiona hivyo hana la kutengeneza, hutafuta pa kukimbilia. Njia ya kwanza ya kukimbilia ni kukana: hapakuwa na kitu, ni uongo wa wazungu. Ya pili ni kurudisha shutuma: na wao je, wazungu hawakuchukua watumwa wengi zaidi kuvuka Atlantiki? Walichukua, mamilioni, lakini hilo haliondoi pingu kwenye shingo ya mtu wa Mkunazini.

Wanaokana hupata nguvu kwenye vyumba vya chini. Vyumba vile viko chini ya jengo la misheni lililojengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaohoji kama kweli watumwa waliwahi kufungiwa humo. Mwanafunzi asiyeambiwa hili mapema, akilisikia baadaye, huvunja kila kitu: kama vyumba si vya kweli, basi na soko si kweli. Hivyo sivyo elimu inavyofanya kazi. Ninyi mnasoma kwamba hadithi moja kuwa dhaifu haibatilishi Sunna. Mkataba wa 1873 upo, kumbukumbu za biashara zipo, mashamba ya karafuu yapo, na Tippu Tip mwenyewe amesimulia maisha yake kwa Kiswahili bila kuificha biashara yake. Shaka ibaki pale inapostahili, juu ya vyumba viwili.

Kuhusu kushtakiwa, Qur'an imelimaliza jambo hili katika Surat Al-An'am, aya ya 164: dhambi ya mtu haihamii kwa mwingine. Mwanafunzi mwenye jina la Kiarabu hakumuuza mtu. Lakini aya hiyo isigeuzwe mto wa kulalia. Kutobeba dhambi ya babu si ruhusa ya kutojua alichokifanya, wala ya kuendelea na maneno aliyoyatumia. Mtu anayemwita mwenzake "mtumwa" au "mtwana" uwanjani, kwa mzaha, siku moja tu baada ya kusimama mbele ya shimo lile, huyo hatakuwa na pa kujificha kwa kusema dhambi ni ya wa kale. Hiyo ni yake, ya leo.

Upande wa hasira nao una hatari yake. Hasira ya kijana aliyeona dhuluma ni kitu safi inapoanza. Inachafuka inapokosa wa kumwendea, kwani aliyeuza na aliyeuzwa wote wamekufa, ikamwangukia aliye karibu mwenye sura inayofanana. Zanzibar inalijua hili kuliko sehemu nyingi. Kumbukumbu ya utumwa ilibebwa sana katika siasa za miaka ya 1950 na 1960, na katika Mapinduzi ya Januari 1964 na siku zilizofuata maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Wengi kati yao walikuwa wenye maduka madogo na wakulima wadogo. Sababu za Mapinduzi ni nyingi, ardhi na uchaguzi zikiwemo, na haya si makala ya siasa. Nataka tu yule mwenye kinyongo ajue kwamba kinyongo chake kimeshawahi kutembea mitaani, na waliokufa hawakuulizwa babu yao alikuwa nani hasa.

Tena "babu yako alikuwa nani hasa" ni swali gumu kwa pwani yetu. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake huzaliwa huru na hurithi kama ndugu zake. Kwa njia hiyo damu ya walionunua na ya walionunuliwa imechanganyika ndani ya nyumba zile zile. Seyyid Said bin Sultani alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na wote walikuwa watoto wa masuria. Mmoja wao ni Barghash, yule aliyelifunga soko la Mkunazini. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Sasa kijana aliyesimama pale akijiuliza awe upande gani, aliyelifunga soko hilo alikuwa pande zote mbili. Na jambo hili si la masultani peke yao. Nyumba nyingi zenye shajara ndefu ya upande wa baba hunyamaza zikifika upande wa mama wa babu, na ukimya huo una sababu yake.

Hilo nalo lina aibu yake, tena ya wengi kuliko ile ya wenye majina makubwa. Familia zilizotoka utumwani zilibadilisha majina, zikachukua kabila la mahali zilipohamia, zikawaambia watoto kwamba wao ni watu wa hapo tangu zamani. Mwanafunzi anayerudi Mkunazini akamuuliza bibi yake, "Sisi tulitokea wapi?", anaweza kujibiwa kwa ukali bila kujua kwa nini. Asikasirike. Ameligusa donda ambalo bibi alikabidhiwa akiwa mtoto, akaambiwa alifunike.

Kabla ya boti na baada yake

Wanaopaswa kuangaliwa zaidi ni wale waliokwenda wakiwa na majeraha yao. Mwanafunzi aliyefiwa na mzazi mwaka huu, au ambaye familia yake ilikimbia vita Kongo au Burundi, hatazami historia anapoliona shimo. Anatazama la kwake. Huyo aulizwe mapema, faraghani, na akisema hataki kwenda asilazimishwe wala asitangazwe. Akienda, apewe ruhusa ya kutoka nje bila kuomba mbele ya watu. Vyumba vya chini ni vifupi na hewa yake nzito, na wapo wanaobanwa na pumzi humo hata kama hawana msiba wowote.

Kwa wengine wote, la muhimu ni kuambiwa kabla ya safari watakachokiona na kwamba wanaweza kuhisi chochote au wasihisi kitu. Jambo la ghafla huumiza kuliko lililotangulizwa habari. Wenye kupanga ziara nao wasiliweke Mkunazini kati ya Forodhani na kuogelea Nungwi. Nimeona ratiba ambazo watoto wanatolewa shimoni saa tano na kuingizwa baharini saa saba, na usiku wanashangaa kwa nini wanagombana bwenini.

Usiku huo na siku chache zinazofuata, usingizi unaweza kuwa mchache, na jinamizi likaja. Hamu ya kula inaweza kupungua. Wengine hushikwa na ghadhabu juu ya vitu vidogo, wakamfokea mdogo wao kwa sababu ya kandambili. Haya ni ya kawaida na hupungua yenyewe, hasa mtu akizungumza na mtu mmoja anayemwamini, au akiandika alichokiona, au akiwaombea waliokufa pale, ambao wengi wao hawakusomewa hata jina. Lakini yakipita majuma manne na bado mtu anaamka akipiga kelele, anaona picha zile mchana akiwa macho, anakwepa watu au masomo yanaporomoka, hilo si la kuachiwa dua peke yake. Mzazi aambiwe, na kijana apelekwe kwa daktari kama ambavyo angepelekwa kwa homa isiyokatika.

Na yule wa tatu, mwenye kinyongo, nilimpa kazi mwaka jana badala ya nasaha. Nilimwambia yeye na yule mwenzake waende pamoja kwa wazee wao, nyumba zote mbili, waulize jina la mama wa babu na mahali alipozaliwa. Walirudi na majina mawili. La upande wa mwenye jina la Kiarabu lilikuwa la Kinyasa.